Alisukuma sahani, mshahara uliokatwa ni wangu

"Shikamoo dada. Nina miaka 24, ni mhudumu kwenye mgahawa mmoja Masaki, Dar es Salaam, mwaka na miezi miwili sasa. Wateja wetu ni watu wenye hela. Wengi wananiita kwa kupiga vidole, wengine 'wewe', wengine hawaniangalii kabisa. Mwezi uliopita, Jumamosi usiku, alikuja baba mmoja mtu mzima na mke na watoto. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Samaki alipofika akasema amepoa, akasukuma sahani mpaka mchuzi ukanimwagikia kwenye sare, akauliza kwa sauti: 'Unajua mimi ni nani? Huko kwenu mnakula nini?' Meneja akaja mbio, akamwomba radhi, akamfutia bili yote ya shilingi 95,000. Mwisho wa mwezi nikakuta 95,000 hiyo imekatwa kwenye mshahara wangu wa 280,000. Nilipouliza kwa WhatsApp nikajibiwa mteja ni mfalme. Tangu siku ile nalala vibaya. Na kinachonitisha zaidi, juzi nilimfokea kijana wa bodaboda kwa maneno yaleyale, 'unajua mimi ni nani?' Watu wenye pesa wana nini, dada? Au ni mimi ndiye sijui kazi? Na nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakuitikia kwanza, kwa sababu ile salamu ulimpa na yule baba akakunyima haki yake. Nilibeba trei miaka tisa kabla ya kuanza kufundisha wahudumu na kukaa kwenye vikao vya migogoro ya kazi, kwa hiyo swali lako sikulisoma kama mgeni. Mengi uliyouliza yanahitaji maelezo marefu, lakini moja lina siku za kuhesabu, kwa hiyo nianze nalo: hela yako.

Kukatwa kule hakukufuata sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri anaweza kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti, na masharti hayo yote lazima yatimie. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe. Akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipiga hesabu. Akupe nafasi ya kukipinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Na hata hayo yote yakitimia, makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya 280,000 ni 70,000. Wewe umekatwa 95,000, bila karatasi, bila kuulizwa, kwa uamuzi wa meneja wa kufuta bili ambao wewe hukuufanya. Na ile hasara ni ya nini hasa? Ni zawadi ambayo mgahawa ulimpa mteja ili atulie. Mgahawa una hiari ya kutoa zawadi zake, ila hauwezi kuzitoa mfukoni mwako.

Ninaling'ang'ania hili kwa sababu wahudumu wengi nchini wanaamini kukatwa ni sehemu ya kazi. Glasi ikivunjika, unakatwa. Meza ikitoroka bila kulipa, unakatwa. Kwenye baa nyingi dada anachukua bia kaunta kwa jina lake, mteja akipotea lile deni ni lake. Tumezoea mpaka tunaona ndivyo dunia ilivyo, wakati vitabuni imeandikwa vingine miaka zaidi ya ishirini.

Sasa nije kwenye wasiwasi wako kwamba labda hujui kazi. Chukulia samaki alikuwa amepoa kweli. Inatokea, jikoni kukiwa na oda nyingi Jumamosi usiku. Mtu anayetaka samaki wa moto anasema, "Dada, huyu amepoa, naomba wampashe." Dakika chache, kazi imekwisha. Yule baba hakuomba hivyo. Aliuliza kama unamjua, kisha akauliza kwenu mnakula nini. Maswali hayo mawili hayahusu samaki. La kwanza linatangaza nafasi yake, la pili linatangaza yako, na yote yalisemwa kwa sauti ili meza za jirani zisikie. Wewe ulidhani umesimama pale kama mhudumu. Kwake ulikuwa shahidi.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako kuhusu watu wenye pesa. Pesa ikiwa benki haionekani. Gari likiwa nje limeegeshwa halionekani mezani. Mtu anayetaka kujulikana kuwa yuko juu anahitaji mtu wa kuwa chini yake mbele ya macho ya watu, na mahali rahisi zaidi pa kumpata ni pale ambapo mtu huyo analipwa kutabasamu na haruhusiwi kujibu. Mlinzi getini, dada wa saluni, kijana wa kuosha magari, mhudumu wa hoteli. Watu hawa wanachaguliwa kwa sababu kazi yenyewe imewafunga mdomo. Ubaya wa huduma hauna uhusiano na hilo.

Nikupe tukio moja nililoliona mwenyewe, nikiwa na umri kama wako. Kulikuwa na mteja wa kila Ijumaa ambaye hakuwahi kuniangalia usoni, aliongea na mkono wangu. Nikiweka glasi, anauambia mkono "barafu". Nikitoa sahani, anauambia mkono "acha". Ijumaa moja, katikati ya chakula, akaingia mzee mwingine mwenye cheo kumzidi. Yule mteja wangu aliinuka upesi hivi kwamba leso ya mezani ikaanguka, akafunga kifungo cha koti, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa. Sauti yake ikawa ndogo, kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mzee alimjibu neno moja akapita bila kusimama. Mteja wangu akakaa. Nilikuwa bado nimeshika chupa ya maji. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajua kwamba nimeona, na usiku ule alinitukana kuliko siku zote.

Nilichukua miaka kuelewa kwamba pale nilipewa mzigo uliotoka juu yake. Simwambii mtu amwonee huruma kiasi cha kumvumilia. Nakueleza tu mzigo unavyosafiri, kwa sababu na wewe ulikutana nao kwa yule kijana wa bodaboda, na tutafika huko.

Tabia hii haikuanzia Masaki, na lugha yetu inaikumbuka. Kwenye miji ya pwani, karne ya 19, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Ilikuwa habari ya nasaba. Mtu angeweza kuwa mkatili kupindukia akabaki mwungwana. Utumwa ulipofutwa Zanzibar kwa amri ya Sultani Hamoud mwaka 1897, neno liliendelea kusafiri, na leo tukisema fulani ni mwungwana tunasifu mwenendo wake. Baadaye wakoloni walituletea "boi": mtu mzima, baba wa watoto, anaitwa kwa neno la mtoto wa kiume na mwajiri ambaye hakuwa na haja ya kujua jina lake. Wakoloni waliondoka, lakini "boi" alibaki kwenye nyumba za watu weusi wenye hela, na "shamba boi" tunaye hadi leo.

Kuna kipindi tulijaribu kweli kubadilisha. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, kiongozi aliitwa Ndugu na karani aliitwa Ndugu. Neno peke yake halikuondoa tofauti za watu, na waliokuwepo watakwambia foleni zilikuwa na wakubwa wake. Lakini lilimnyima mkubwa kitu kimoja, ile haki ya kudai heshima kwa jina lake tu. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwafungulia viongozi mlango wa kumiliki hisa, kupangisha nyumba, kupokea mshahara zaidi ya mmoja. Miaka hiyohiyo Mheshimiwa akarudi kwa kishindo, na sasa tuna Bosi, Mkuu, Kiongozi, Tajiri. Angalia hata salamu yako. Shikamoo ni ya umri, tumelelewa hivyo. Lakini nenda kwenye maegesho ya mgahawa wowote wa maana usikie mlinzi wa miaka 50 anavyomwambia kijana wa miaka 27 aliyeshuka kwenye gari kubwa: "Shikamoo bosi." Na kijana anaitikia marahaba bila hata kushtuka. Mimi nikiisikia inaniuma, kwa sababu pale umri umenunuliwa, na kila mmoja aliyesimama hapo ameona ni sawa.

Je, watu wenye pesa wana roho mbaya kuliko wengine? Hapa sitaki kukupa jibu tamu lisilo kweli. Mwaka 2012 watafiti wa California walichapisha utafiti ambamo walisimama kwenye makutano ya barabara na vivuko, wakaona madereva wa magari ya bei kubwa wanawakatia zaidi watembea kwa miguu waliokuwa wanasubiri kuvuka. Ulisambaa dunia nzima. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichambua takwimu za watu wengi zaidi, wakapata kwamba wenye nafasi walitoa na kusaidia zaidi ya wengine. Kwa hiyo anayekwambia sayansi imethibitisha kuwa matajiri ni wabaya, anakudanganya. Nimehudumia wenye mali nyingi waliojua jina la mama yangu na mwaka alioanza kuugua sukari. Nimehudumia pia watu wa kipato cha kawaida waliokuja kula mara moja kwa mwaka na kututesa usiku kucha, kana kwamba wamenunua na watu pia.

Tena usidanganyike na ule msemo kwamba tatizo ni matajiri wapya, wale wa zamani ni wastaarabu. Wa zamani mara nyingi hawana haja ya kufoka kwa sababu kuna meneja, dereva na msaidizi wanaofoka kwa niaba yao. Upole wa mtu aliyezungukwa na watu wanaotetemeka hauna gharama.

Kwa hiyo usiuchunguze moyo wa yule baba, huwezi kuufikia. Chunguza nyumba unayofanyia kazi, kwa sababu ndiyo iliyomruhusu. "Mteja ni mfalme" ni maneno ya biashara. Msemo wa namna hiyo ulivuma zamani kwenye maduka makubwa ya Chicago, na mmoja wa waliolelewa kwenye maduka hayo, Selfridge, alifungua lake London mwaka 1909. Ulikusudiwa kumzuia mwenye duka asimdhulumu mnunuzi: bidhaa mbovu irudishwe, bei isidanganye. Haukuwa ruhusa ya kumwagia mchuzi mfanyakazi. Meneja wako aliutumia kuhamisha gharama. Yule baba alitaka ukubwa, mgahawa ukamuuzia, bili ukaletewa wewe. Ndiyo maana atarudi, na ndiyo maana meza iliyosikia imejifunza kwamba hapa inawezekana.

Bakshishi nayo inachangia. Mhudumu anayetegemea ya mteja kulipia nauli na chakula ana waajiri wawili, na huyu wa pili hana mkataba. Marekani wamelifikisha mbali: tangu 1991 kima cha chini cha serikali kuu kwa anayepokea bakshishi kimebaki dola 2.13 kwa saa, na kilichobaki anatarajiwa kukitoa kwenye mkono wa mteja. Mkono ukiwa ndio mshahara, utacheka hata ukishikwa usipotaka. Kwetu kiwango na utaratibu ni tofauti, lakini wewe unajua vizuri ni meza zipi ulizonyamazia kwa sababu zilikuwa zinaacha elfu kumi.

Sasa usingizi. Kazi yako ina sehemu mbili, na moja hailipwi. Ya kwanza ni kubeba, kuandika oda, kukumbuka meza ya saba haitaki pilipili. Ya pili ni kushika uso. Wanazuoni wanaiita kazi ya hisia. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege. Unapotukanwa, mwili unajiandaa kujibu: moyo unaenda mbio, taya linakaza, mikono inapata joto. Wewe unaamuru uso utabasamu. Lakini mwili hauamini uso. Ile nguvu iliyokusanyika haikupata pa kwenda, ikaenda na wewe kwenye daladala, ikalala na wewe. Ndiyo hiyo inayokuamsha saa tisa usiku ukipanga majibu ambayo ungempa.

Na ndiyo iliyomwangukia kijana wa bodaboda. Ulichagua mtu ambaye, kama wewe, anahitaji hela na hawezi kujibu. Ulitumia hata maneno yaleyale. Nakushukuru kwa kulitaja, ungeweza kulificha nisijue. Halikufanyi uwe kama yule baba, lakini linaonesha jinsi jambo hili linavyoishi: halihitaji mamilioni, linahitaji mtu mmoja chini yako. Kama anaegesha kijiweni kwenu, mtafute, mwambie, "Juzi nilikukosea, nisamehe." Fupi hivyo. Usimweleze habari za mgahawa, itakuwa kama unajitetea.

Uliuliza ufanye nini. Pale mezani una nafasi ndogo lakini ipo. Rudi nyuma hatua moja, uweke trei kati yenu, sauti ishuke badala ya kupanda: "Samahani, baba. Chakula nitakibadilisha. Naomba nimwite supavaiza atuhudumie." Kisha ondoka kweli. Humjibu, humkimbii, unamnyima shahidi. Inafanya kazi mara nyingi, si zote. Usijaribu kumfundisha adabu mbele ya familia yake. Nimeona wenzangu wawili wakifukuzwa kwa sentensi moja nzuri sana.

Kumrekodi na kumtupia mtandaoni? Najua inavutia, na wapo walioungwa mkono hivyo. Lakini tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwajiri atapata sababu rahisi ya kukuondoa. Watoto wa yule baba pia walikuwepo mezani. Sikushauri.

Kuacha kazi ni haki yako, ila usiache kwa hasira kabla hujashughulikia hela. Una faida moja ambayo huenda huijui: umefikisha zaidi ya miezi sita. Kinga ya kutoachishwa isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita. Wewe inakuhusu, na mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu ya haki. Hilo halimzuii mtu kukutafutia visa, nisikudanganye. Ratiba yako inaweza kubadilika, unaweza kupewa shifti mbaya. Ndiyo maana ni vizuri usiende peke yako. Waulize wenzako taratibu, nje ya kazi, nani mwingine alikatwa. Naamini hutakuwa wa kwanza. Wakiwa watatu wanne, ombeni jambo dogo linaloandikika: kwamba bili ikifutwa na meneja haikatwi kwa mhudumu, na kwamba mhudumu akiguswa au kumwagiwa kitu, supavaiza anaipokea meza hiyo papo hapo. Mikahawa kadhaa niliyofundisha ilikubali hayo bila mahakama, kwa sababu kufundisha mhudumu mpya kila miezi mitatu ni ghali.

Usiishie kwenye maandishi yangu katika mambo haya. Nenda CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, majumbani na sekta jirani, hata kama bado si mwanachama. Meneja akikataa kurudisha, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba moja. Suala la makato lina siku 60 tangu lilipotokea. Kama ungekuwa umefukuzwa, zingekuwa 30 tu. (Wanaonisoma mkiwa Zanzibar, kwenu ni Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, utaratibu ni mwingine, ulizeni Kamisheni ya Kazi.) Mteja akikushika mwili au kukutaka kimapenzi kwa vitisho, hilo si la meneja tena, ni la polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Na usingizi ukiendelea kukataa, au ukianza kutetemeka kila ukivaa sare, au ukijiona huna thamani ya kuishi, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa uombe kitengo cha afya ya akili, usisubiri likizo.

Leo usiku kabla hujalala, nunua daftari la kurasa chache. Andika tarehe ya ile Jumamosi, saa, namba ya meza, maneno yake kama alivyoyasema, waliokuwa zamu na wewe, na rangi ya doa kwenye sare kama bado lipo. Salari slipu iweke ndani yake. Ukifika CHODAWU, uliza kama mgahawa wenu una mkataba wa hali bora za kazi, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, na uombe kuusoma. Na ule ujumbe wa meneja kwenye WhatsApp, usiufute.